Shajara ya mradi: miti ya shule, Temeke, kabla ya masika

Jumamosi, 1 Februari 2025

Leo hakuna tawi lililokatwa. Tangu saa 1 asubuhi tumezunguka kiwanja cha shule tukitazama miti: mimi, Mzee wetu wa minazi, fundi wa mashine na vijana wawili wa chini. Wateja wengi huona hapa ndipo hela yao inapopotea, watu wazima wanazunguka mti na kuugonga kwa nyundo ya mbao. Mimi siku hii siiruki kwa bei yoyote. Mtu akishaparamia mti ambao hakuusoma, anausomea juu, na juu si mahali pa kuanza kujifunza.

Barua ya kamati ya shule inasema miti yote iondolewe. Nawaelewa. Tarehe 4 Mei mwaka jana, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, tawi la mwembe lilianguka juu ya paa la darasa. Ilikuwa Jumamosi, darasa lilikuwa tupu. Mwalimu Mkuu ametuonyesha bati lililobonyea, halijabadilishwa mpaka leo. Mzazi akiliona bati lile na kumkumbuka mwanawe anayekaa chini yake, atasema kata yote, na ana haki.

Lakini ukiufagia uwanja huu wote, mchana wa Februari watoto watakaa wapi? Madarasa yana joto kiasi kwamba kipindi cha mwisho walimu wanakitolea nje, chini ya mwembe huohuo unaolalamikiwa. Tumekaa na kamati mpaka saa 5 tukikubaliana mti kwa mti. Mkrismasi wa karibu na lango unakatwa wote, umeoza shina. Mwembe unapunguzwa. Minazi ya nyuma ya vyoo inasafishwa. Mijohoro ya upande wa barabara inarekebishwa. Miashoki ya mbele ya ofisi haiguswi, haina kosa. Mwenyekiti wa kamati hakuridhika na habari ya mwembe. Nimemwomba aje siku ya kazi, asimame nami pale chini.

Karatasi ziko sawa: serikali ya mtaa, kata, na kibali cha afisa misitu wa manispaa kwa mti unaokatwa. Kwa mijohoro tumepeleka maombi TANESCO watuzimie laini, kwa sababu ni ya msongo wa kati, kilovolti 11, na matawi yameshaifikia. Hatupandi pale kabla haijazimwa. Tawi bichi limejaa maji, umeme unapita ndani yake kama kawaida, na kwa msongo ule huhitaji hata kugusa waya. Kuusogelea tu kunatosha.

Tunafanya Jumamosi na Jumapili tu, watoto wakiwa hawapo. Na lazima tumalize mwezi huu. Ramadhani inatarajiwa mwanzoni mwa Machi, na karibu kikosi chote kinafunga. Mtu asiye na maji mwilini simpandishi mti, kazi ikimbie inavyotaka. Baada ya mfungo masika yatakuwa yameshaingia.

Jumapili, 2 Februari

Minazi. Siku ya Mzee.

Mzee amekulia Mafia, amekwea minazi tangu utotoni. Anatia kitanzi cha kamba kwenye nyayo, anakumbatia shina, magoti yanafunguka, nyayo zinabana, mwili unapanda. Mikono haivuti, inashika tu, nguvu yote inatoka miguuni. Vijana wangu wenye misuli ya gym huvuta kwa mikono na kufika nusu ya mnazi wamechoka. Mzee alifika kwenye makuti akiwa anapumua kama mtu aliyekaa barazani.

Tulibishana naye kwa heshima kuhusu mkanda wa usalama. Anasema mkanda unamzuia, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kuuvaa. Nikamwambia, Mzee, kwenye kikosi hiki hakuna mtu anayefanya kazi juu bila kufungwa, hata nikija na baba yangu mzazi. Tukakubaliana anakwea kwa njia yake, lakini kamba fupi inazunguka shina na kuungana na mkanda wake tangu anapoondoka chini, anaisogeza kila anapopanda. Akiwa kileleni anaongeza kamba ya pili. Mwanzo alinuna, baadaye nikamsikia akimwelekeza kijana namna ya kuirusha ile kamba fupi juu bila kusimama.

Mnazi mmoja una vidato vilivyochongwa na wakwezi wa zamani kuanzia chini mpaka katikati. Nilisimama nao hapo nikawaonyesha vijana. Mwembe ukiuumiza hufunika kidonda kwa mbao mpya mwaka hadi mwaka. Mnazi hauna uwezo huo, hauna tabaka la kunenepesha shina. Kidato kilichochongwa kabla ya wao kuzaliwa kipo vilevile kilivyoachwa, na maji ya mvua yanatuama ndani yake. Ndiyo maana hatutumii vyuma vya miba, vile vya kufunga miguuni wakati wa kupanda, kwenye mnazi unaobaki, wala kwenye mti wowote unaobaki. Vyuma ni vya mti unaokufa.

Juu kulikuwa na nazi nyingi kuliko tulivyoona kutoka chini. Makole, yaani vichala, yaliyokomaa, makoroma, madafu, mpaka vidaka, nazi changa kabisa. Yaliyo upande wa vyoo hatukuyaangusha, tuliyafunga kole kwa kole na kuyashusha kwa kamba. Nazi yenye kumbi ikitoka mita 20 inapita bati na kilicho chini ya bati. Makuti makavu yametolewa yote, mabichi yameachwa. Kuna watu hupenda mnazi ubaki na makuti matatu yamesimama juu, wanaona ndio usafi. Huo ni mnazi wenye njaa.

Kwenye mnazi wa mwisho Mzee aliteremsha kuti lililokatika kama lililokatwa kwa mkasi, pembe pembe. Kazi ya chonga. Mdudu huyu hutoboa kuti likiwa bado limekunjwa ndani ya kilele, likija kufunguka unaona mikato inayofanana pande zote mbili. Mzee aliingiza waya kwenye tundu akamtoa, mweusi, mwenye pembe. Nimemwandikia Mwalimu Mkuu kwamba rundo la taka linalooza nyuma ya vyoo liondolewe, kwa sababu humo ndimo chonga wanamotaga na kukulia.

Majimoto, sisimizi wakali wa mitini, walituuma wote. Tumeviacha viota vyao. Wanauma vibaya, lakini wanalinda mnazi dhidi ya wadudu wanaofyonza vidaka, na Mzee hataki kabisa waguswe.

Jumamosi, 8 Februari

Mkrismasi wa langoni. Ukiutazama kwa mbali ni mti mzuri, mwavuli mpana, na Desemba ulikuwa mwekundu wote. Ukiinama kwenye shina unaona uyoga mgumu umejitokeza kama rafu, mmoja juu ya mwingine. Uyoga ule ni mlango tu, mwenye nyumba yuko ndani. Nyundo ilipogonga upande wa lango sauti ilirudi ya ngoma.

Mti uliooza hatumfungi mtu juu yake. Bahati, mita chache kutoka pale pana mwarobaini mzima, mrefu kuupita. Nilipitisha kamba yangu kwenye panda la mwarobaini na kufanya kazi ya mkrismasi nikiwa nimening'inia kwa jirani yake. Hata kama mkrismasi ungeondoka wote, mimi ningebaki hewani. Nilipunguza mwavuli kipande kwa kipande, kutoka nchani kuja ndani, kwa msumeno wa mkono zaidi kuliko mashine. Kazi ya polepole, ndiyo, lakini mtikisiko wa tawi kubwa likiachiwa ghafla ndio unaomaliza shina bovu.

Utaratibu wetu wa sauti haujabadilika. Wa juu anaita "Chini!" na hakati mpaka asikie "Wazi!" kutoka kwa kijana mmoja tu aliyepewa kazi hiyo. Watu watatu wakijibu kwa pamoja hujui nani ameangalia. Leo mama mmoja wa genge alikatiza ndani ya kamba ya uzio kufuata mbuzi wake, na kijana wetu alinyamaza kimya, hakuitikia. Nikabaki na msumeno juu ya tawi nikisubiri mpaka mama akapita. Hivyo ndivyo ninavyotaka.

Mchana upepo wa kaskazi ukazidi, tukaacha shina lililobaki limesimama, tukaweka uzio na mlinzi.

Jumapili, 9 Februari

Tumeliangusha shina asubuhi na mapema upepo umetulia. Naeleza kwa kirefu kwa sababu vijana wamenitaka niandike.

Kwanza unachagua upande, na unachagua njia ya kukimbilia, ya mshazari kwenda nyuma, si nyuma moja kwa moja. Shina linaweza kuteleza kinyumenyume na kumfuata aliyesimama kwenye mstari wake. Halafu unakata mdomo upande unakotaka liangukie, wenye kina cha robo ya kipenyo au pungufu kidogo. Kisha unakwenda nyuma, unakata kuelekea mdomo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: hukati mpaka kukutana. Unaacha ukanda wa mbao kati ya mikato miwili, unene wake kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo, usawa upande huu na ule. Ukanda huo tunauita bawaba. Ndio unaoliongoza shina likilala. Ukiukata wote, mti hauna bwana tena, unaenda unakotaka.

Tatizo la leo ni kwamba katikati ya shina palikuwa pametoboka. Kabla ya kukata, fundi alichoma ncha ya msumeno sehemu kadhaa akitazama unga unaotoka: mweupe na mnyevu ni mbao nzima, wa kahawia unaomumunyika ni uozo. Tukaona mbao nzima imebaki pembeni tu, kama ganda. Kwa hiyo bawaba yetu ilikuwa vipande viwili, kushoto na kulia, na tukaiacha nene kuliko kawaida. Kamba ilishafungwa juu tangu jana, vijana wakaivuta kutoka umbali unaozidi mara mbili ya urefu wa shina. Lililala palepale kwenye uwanja wa mpira. Kwenye kisiki, uozo ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza ndoo. Mwalimu Mkuu alikitazama muda mrefu akaniuliza lingedumu hadi lini. Nikamwambia sijui, ila lango liko chini yake na kila asubuhi watoto wote wanapita hapo.

Jumamosi, 15 Februari

Mwembe. Dodo, mkubwa, wa zamani kuliko shule yenyewe kwa maelezo ya wazee wa mtaa. Wakati ni mzuri: msimu wa maembe umekwisha, maua bado miezi kadhaa, mti una nafasi ya kuchipua kabla ya kuzaa tena.

Asubuhi yote ilikwenda kwa kamba. Tulirusha uzi mwembamba wenye kifuko cha mchanga mpaka ukapita kwenye panda la juu nililolitaka, ukavuta kamba ya kupandia. Napanda kwa fundo la prusik, linalosogea ukiwa hujalibebesha uzito na kung'ang'ania ukiliegemea. Mzee alilijaribu kwa mara ya kwanza leo, urefu wa mtu mmoja tu kutoka chini. Alilikaza, akalilegeza, akalikaza tena, akasema hili lingemfaa miaka 30 iliyopita.

Kijana mmoja alikuja na kamba ya katani ya nyumbani kwao akitaka itumike kushushia magogo. Mimi ni mtu wa Muheza, nimekulia kando ya mashamba ya mkonge, katani naiheshimu. Lakini kamba ile ililala nje masika mazima. Nilifungua nyuzi zake mbele yake, ndani zilikuwa na unga mweusi. Katani inaozea ndani wakati nje bado inapendeza. Tumeiweka ya kuburuzia matawi.

Juu nilikuta kiota cha kunguru, kikubwa kama beseni, na karibu chote ni waya: waya za ujenzi, vipande vya hanga, hata waya wa redio. Hakikuwa na mayai. Nilikishusha kwa mkono kabla mashine haijawashwa, kwa sababu mnyororo ukinasa waya unarukia usoni.

Chuma kingine kilikuwa kigumu kukiona. Kengele ya shule ni rimu ya gari, inaning'inia kwenye tawi la chini la mwembe huu. Tulishaitoa rimu. Lakini fundi alipoanza kulipunguza tawi, kata ya kwanza tu akasimamisha mashine. Kwenye mbao ya rangi ya maziwa palikuwa na mchirizi wa bluu iliyokoza, karibu nyeusi, kama wino umemwagika. Chuma kikikaa ndani ya mwembe hugeuza mbao rangi hiyo. Alisogea nyuma nusu mita akakata palipo safi, kisha chini tukapasua kipande kwa shoka. Ndani, waya uliomezwa na mti, mizunguko mitatu, bila alama yoyote kwenye gome. Kabla ya rimu hii ilikuwapo nyingine, anasema mlinzi, enzi za mwalimu mkuu wa zamani. Nimemwambia fundi mbele ya wote kwamba jicho lile leo limemwokoa.

Kengele mpya itatundikwa kwenye nguzo. Fundi wa kuchomelea ameshapewa vipimo.

Jumapili, 16 Februari

Mwenyekiti wa kamati amekuja, nikasimama naye chini, juu amepanda kijana wetu mwandamizi.

Nilimwonyesha tatizo lenyewe. Mwembe umegawanyika mashina mawili yanayopanda sambamba, na pale yanapokutana gome limebanwa katikati. Mbao haijashikana hapo, ni mashina mawili yanayosukumana kila yakinenepa. Lililoanguka siku ya kimbunga lilitoka kwenye panda la namna hiyohiyo. Kwa hiyo tunapunguza lile shina la upande wa madarasa, tunalifupisha kutoka nchani, upepo upate kitu kidogo cha kushika. Hatuzidi robo ya majani yote ya mti kwa msimu mmoja. Majani ndiyo jiko lake.

Tawi zito linakatwa mara tatu. Kata ndogo kwa chini, mbali kidogo na shina. Kata ya pili kwa juu, nje zaidi, tawi linakatika bila kuchana gome kushuka nalo. Ya tatu inaondoa kigutu kilichobaki, na hiyo ndiyo yenye heshima: kwenye maungio ya tawi na shina kuna uvimbe, kama kola. Unakata nje ya kola. Ukiingia ndani yake ili pawe sawasawa na shina, umeuondolea mti sehemu inayofunga kidonda. Mafundi wa kizamani, hata huko Ulaya na Marekani, walifundishwa kukata sawasawa na shina. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya magogo kwa urefu akiufuata uozo ndani yake, akaonyesha kwamba mti hauponyi kidonda, unakizungushia ukuta na kuotesha mbao mpya nje yake. Huwezi kukata ukuta ukategemea nyumba isimame.

Mwenyekiti akauliza kuhusu kupaka oili chafu kwenye kidonda. Swali zuri, kila mtaa wanapaka. Haisaidii; inafunika tu, na unyevu unabaki chini yake. Tumeacha wazi.

Gogo kubwa la leo lilikuwa na kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 1. Mwembe mbichi wa ukubwa huo unakaribia kilo 180. Kulishika kwa kamba si kazi ya mikono; kamba inazungushwa kwenye shina chini, msuguano ndio unaobeba. Kijana wa chini analiachia likimbie kidogo halafu analipunguza mwendo taratibu. Akilikaba ghafla, kamba inapokea mshtuko wa mara kadhaa ya uzito ule, na aliye juu anatikiswa pamoja na mti. Lilitua kwenye matairi bila kugusa bati. Mwenyekiti akapiga makofi peke yake, kisha akamfuata yule kijana wa chini akamshika mkono. Nilifurahi, kwa sababu kila mtu hutazama juu.

Jumamosi, 22 Februari

TANESCO wamezima saa 2. Niliomba pia waiunganishe laini na ardhi pale tulipo, wakafanya, ndipo tukapanda.

Mijohoro hii imenisikitisha kuliko miti yote. Miaka kadhaa nyuma mtu aliyekodiwa aliikata vichwa, yote kwenye urefu mmoja, akaacha nguzo. Mti uliokatwa hivyo hauna majani, unachipua kwa hofu, vijiti kumi kwenye kidonda kimoja, vinavyorefuka haraka. Kwa nje unaonekana umepona na umependeza. Lakini chipukizi hizo zimeshikwa na tabaka la juu tu, hazina mizizi ndani ya mbao kama tawi lililokua na mti tangu mwanzo, na chini yake kidonda kinaoza. Zikifika unene wa paja ndipo zinapochanika. Nilishika moja, nene kama mkono wangu, nikaivuta kwa nguvu kidogo. Ikang'oka na kipande cha gome. Hii ilikuwa juu ya barabara na juu ya waya. Aliyekata alilipwa kwa kuondoa hatari, akaipanda.

Tumechagua chipukizi mbili au tatu zenye mshiko mzuri kwenye kila kichwa, tumezifupisha, nyingine zimetoka. Upande wa waya tumekata mpaka kwenye matawi yanayoelekea mbali na laini. Mjohoro mmoja haukuwa na cha kuchagua. Nimeandika ombi la kibali ukatwe, na pembeni upandwe mti ambao hautafika kwenye waya.

Umeme umerudi saa 9.

Jumapili, 23 Februari

Kusafisha na kukabidhi. Matawi madogo na majani tumeyarundika nyuma ya bustani ya shule yaoze yawe mbolea, mbali na minazi kwa sababu ya chonga. Kuni zimekwenda jikoni kwa uji wa watoto. Gogo la mwembe lililonyooka limeombwa na seremala, kamati imemuuzia, hela imeandikwa kwenye daftari la bati jipya. Mjohoro nao una kiini cheusi kizuri, amechukua vipande.

Mzee amegawa madafu kwa walimu waliokuja.

Nimeiachia shule karatasi moja: ufa mpya kwenye panda la mwembe, udongo unaoinuka upande mmoja wa shina, uyoga mahali popote, tawi lililoinama kuliko wiki iliyopita. Wakiona lolote kati ya hayo, watoto wasikae pale na wanipigie simu hata usiku. Kamba ya kushushia ya mwembe ina mchubuko mita chache kutoka ncha; nimeikata sehemu hiyo na kuitoa kwenye kazi ya juu.

Juni, masika yakiisha, tunarudi kupunguza chipukizi za mijohoro na kupima tena panda la mwembe. Mwenyekiti ameuliza kama tunaweza kutazama pia miembe ya msikiti wa jirani, ambako nako wanataka kukata yote. Tumekubaliana Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, bila mashine, kutazama tu.